Umelipia Mechi, Video Inakwama? Usilipe Mara ya Pili

Umelipa kwa simu, mechi imeanza, lakini kiduara kinazunguka tu. Majirani wanashangilia bao, wewe bado unangoja. Wengi hapa huharakisha kulipa tena wakidhani pesa haikufika. Tulia kwanza. Fuata hatua hizi kwa mpangilio.

1. Angalia SMS ya malipo
Kama una ujumbe wenye nambari ya muamala na jina la kampuni uliyolipa, pesa imetoka. Kulipa tena hakutaongeza kasi ya mtandao. Ukurasa ukiendelea kukuambia ulipe, toka kwenye akaunti kisha uingie upya, na uhakikishe unatumia ile ile nambari ya simu au barua pepe uliyolipia.

2. Shida ni ya nani?
Fungua tovuti nyingine. Zote zikikwama, shida ni intaneti yako. Kama ni hiyo moja tu, huenda wao ndio wamelemewa na watazamaji. Hapo hata ununue bando kubwa namna gani, hutasaidika.

3. Kagua bando, si salio pekee
Kuna bando za WhatsApp au YouTube pekee. Hizo hazifungui tovuti zingine, hata kama zimebaki nyingi. Angalia pia muda: bando la saa moja haliwezi kumaliza mechi ya dakika 90 na mapumziko. Kisha zima data, hesabu hadi kumi, uwashe tena.

4. Punguza ubora wa picha
Bonyeza alama ya mipangilio kwenye video, uchague 480p au 360p. Netflix, kwa mfano, wanakadiria kuwa ubora wa kawaida hula hadi GB 1 kwa saa, na HD hadi GB 3. Kwenye skrini ndogo ya simu, tofauti si kubwa. Kwa mfuko, ni kubwa sana.

5. Safisha njia
Funga programu zinazopakua vitu kichinichini. Zima VPN na kile kipengele cha kubana data. Hakikisha tarehe na saa ya simu ni sahihi, kwa sababu zikikosea, tovuti salama zinaweza kukataa kufunguka. Kama mnatumia Wi-Fi, uliza nani mwingine nyumbani anatazama video.

Bado imekataa?
Kama pesa ilifika kwa kampuni ya video, anza na wao: wapelekee nambari ya muamala na picha ya skrini yenye hitilafu. Kama ulikosea nambari ukalipa mtu mwingine, tupigie sisi mara moja, kabla huyo mtu hajazitoa.

Na hapa chunga sana. Ukilalamika mitandaoni, kuna watu wanaovizia. Atakuandikia, "Pole mteja, nipe PIN nikurudishie pesa," ama akutumie linki ya "kufungua mechi". Hakuna mhudumu wa kweli anayehitaji PIN yako ili kukurudishia pesa. Pia, ukiona ombi la malipo limejitokeza kwenye simu na hujaomba kulipia chochote, likatae.

Mechi utaona marudio kesho. Pesa ikishachukuliwa na tapeli, kuirudisha ni kibarua.