Stori Yako Inachekesha, Shida Ni Wenye Unawaambia

Wacha nianze na yangu, ndio usiseme nakufunza vitu sijapitia.

Nilitoka koleji bila kumaliza. Hiyo si stori. Stori ni kwamba kwa miezi mitatu baadaye bado nilikuwa naamka asubuhi hapo kwetu Makongeni, nabeba begi, mathe ananipea fare, na naenda kukaa steji Thika tao nikicheki makanga wa 237 wakipigania abiria. Siku moja nikaandika hiyo kitu yote. Vile makanga ndio lekchara wangu mpya, vile anafunza hesabu ya chenji bila kalkuleta, na vile darasa linajaa hata kama viti vimeisha. Nikaipost WhatsApp Status. Nilikuwa nimeficha mathe na fathe, so nikajua niko sare.

Nilisahau anti mmoja wa kanisa.

Kufika saa kumi skrinshoti ilikuwa kwa grupu ya chama. Mathe hakupiga nduru. Alikaa kwa kiti, akavua miwani, akaniuliza, "Hiyo fare yote inafika pesa ngapi?" Na wakati huo huo mabeshte wangu wa Section 9 walikuwa wananitumia voisi noti wakicheka mpaka wanakohoa. Maneno ni yale yale, koma kwa koma. Kwa simu moja ni komedi, kwa simu ya pili ni ushahidi.

Nimekuja kugundua wasee wengi wanaoandika vituko vya maisha yao hapa mtaani hawana shida ya kuandika. Wako fiti. Shida ni wanapeleka mzigo kwa mlango si wake.

Cheki vile hizi programu zinafanya kazi. Status inaonekana na watu umesevu namba yao na wao wamesevu yako. Fikiria hiyo listi kidogo: mathe, anti, fundi wa gesi, lando, yule mlisoma na yeye klasi saba, na mtu unadai ama anakudai. Hao watu hawakukuja kucheka. Walikupata tu kwa simu. Na wenye wako karibu sana na wewe ndio wasomaji wabaya zaidi wa stori ya nyumbani, kwa sababu wako ndani yake. Ukiandika vile mjomba alilala matanga ocha akaamka kwa gari ya kwenda Mombasa, wewe unaona kichekesho. Yeye anaona jina lake limechafuliwa.

Grupu za Facebook za mtaa nazo ni soko. Mtu ameingia huko kutafuta bedsitter Ruiru Bypass, ama kuuliza mbona maji hayajafika Kihunguro. Wewe unashusha maneno 600 kuhusu lando wako na jogoo wake. Komenti ya kwanza: "Location?" Ya pili: "Rent ni how much?" Ya tatu ni mtu anauza jogoo. Usikasirike. Hao watu hawajakosea, wako kazini.

X ni kitu ingine kabisa. Bila kulipa una herufi 280, na Wakenya wa huko wanataka ngumi moja, si mechi nzima. Ndio huko mwaka wa 2015, Obama akikaribia kufika, watu walichapa CNN na #SomeoneTellCNN baada ya hiyo stesheni kuita sehemu hii kitovu cha ugaidi. Hapo utani ni wa kundi, kila mtu anarusha jiwe lake. Stori ya polepole, yenye inajengwa kutoka kwa begi mpaka miwani ya mathe, inazama hapo kama ufunguo ndani ya Chania.

Lakini hii shida haikuanza na bundles. Mwenye aliielewa kuliko wengi Kenya hii ni Wahome Mutahi. Kama ulizaliwa juzi, uliza wazazi wako kuhusu Whispers, kolamu yake ya gazeti la Jumapili, yenye wasomaji walifuata kwa miaka mingi mpaka akafariki 2003. Alikuwa anaandika nyumba yake, ama nyumba inayofanana na yake. Lakini angalia ujanja: bibi hakuitwa jina lake, aliitwa Thatcher, kama yule waziri mkuu wa Uingereza. Msichana ni Pajero. Kijana ni Domestic Thug. Mara moja nyumba ya mtu mmoja ikakuwa nyumba ya kila mtu aliyetoka ocha akapanga jiji. Msomaji hakuuliza "huyu ni nani?" Alisema "huyu ni sisi." Na huyu si msee alikuwa na maisha laini, maana 1986 alifungwa wakati serikali ya Moi ilikuwa inasaka watu wa Mwakenya.

Kuna kitu ingine alifanya yenye naipenda zaidi. Alipotaka michezo yake ya Kikuyu ionekane, hakungoja watu wavae suti waje thieta. Aliipeleka kwa baa. Watu walikuwa tayari wamekaa, wamenunua chupa, wanataka kucheka. Yaani alienda mahali kicheko kilikuwa kinangoja.

Na sisi wa Thika tuna mfano wetu, ingawa una ukakasi. The Flame Trees of Thika, kitabu cha Elspeth Huxley cha 1959, ni kumbukumbu za mtoto wa walowezi waliofika hapa karibu 1913, na kina utani mwingi. Lakini wasomaji wake walikuwa Uingereza. Uliza bibi ya Gatanga kama alijua anachekwa London. Kupata wasomaji wako pia ni kuamua nani anakaa mezani na nani anafanywa chakula, na hapo mimi sina jibu la haraka.

Pia usidhani wako lazima wawe jirani. Elsa Majimbo alikuwa Nairobi 2020 akila krisps kwa kamera wakati wa lokdauni, na watu wa Afrika Kusini wakamshika kwa nguvu. Nyumbani wengi walikuwa bado wanauliza kwani inachekesha wapi.

So unawapataje? Mimi niliacha kuhesabu laiki, maana laiki ni salamu ya barabarani. Naangalia komenti za watu wanaoleta yao: "Mimi nilifanya hivyo mwaka mzima, tena na uniform." Mtu wa hivyo ni wako. Anajua ni utani na anajua inauma. Nilipata kama 11 mwanzoni, wote wageni kwangu, wengine wa Juja, mmoja wa Eldoret. Nikawatengenezea chaneli ya WhatsApp, hizo zenye zilifunguliwa 2023, kwa sababu wafuasi hawaoni namba za wenzao. Hapo naandika na jina ingine. Majina ya watu nabadilisha yote, na mtaa nasema tu "ng'ambo ya mto".

Wiki jana mathe aliniuliza kama anaweza kuisoma hiyo chaneli. Nimemwambia nitamsomea mwenyewe jioni, tukimaliza chai. Bado natafuta vile nitaruka kipande cha fare.