Mpe Msomaji Alichokijia

Mei 2024 Kaunti ya Mombasa ilipiga marufuku muguka, majani ya kutafuna ya jamii ya miraa, Kilifi na Taita Taveta zikafuata. Siku hizo mkulima wa Mbeere, Kaunti ya Embu, aliyeshika simu alikuwa na swali moja tu: mzigo niliochuma leo nipakie au nisipakie? Jani la muguka halingoji mtu. Likikaa siku mbili tatu limenyauka, nguvu zimepungua, na bei imekwenda nazo. Sasa mtu huyo afungue habari yenye mwanzo wa aina hii tunayoijua sote: serikali ya kaunti, kupitia idara husika na kwa kushirikiana na wadau mbalimbali, inaendelea kufuatilia kwa karibu suala la zao hilo. Ameshaondoka, na alikuwa na haki ya kuondoka.

Sisi tunaoandikia mtandao hupenda kulalamika kwamba watu siku hizi hawasomi. Silikubali lalamiko hilo. Mkulima yule angesoma aya kumi endapo ya kwanza ingemwambia: "Lori la muguka linaloingia Mombasa leo linaweza kuzuiwa. Marufuku ya gavana imeanza wiki hii, na wanaoipinga wamekwenda Mahakama Kuu ya Embu." Ameshajua la kufanya na mzigo wake, na papo hapo maswali mengine yamezaliwa. Gavana ana uwezo huo kisheria? Miraa iliingizwa katika Sheria ya Mazao mwaka 2016; je, muguka nayo imo? Nani atanilipa hasara? Maswali hayo ndiyo yatakayomteremsha hadi chini ya ukurasa. Kumshika msomaji ni kulijibu swali lake la kwanza mapema, kwa namna inayoamsha la pili, kisha kutomkimbia kwenye hilo la pili.

Waandishi wengi huogopa kutoa jibu juu kabisa. Hudhani msomaji akishalipata atafunga ukurasa. Wapo watakaofunga, na hao wamehudumiwa. Lakini kinachomfanya mtu aendelee ni imani kwamba mwandishi hampotezei muda, na imani hiyo hujengwa katika sentensi mbili za mwanzo.

Tabia hii ya msomaji si ngeni. Mwaka 1997 Jakob Nielsen, mtafiti wa matumizi ya tovuti, aliripoti kwamba asilimia 79 ya watu aliowachunguza walipitisha macho tu kwenye ukurasa mpya, na asilimia 16 ndio waliosoma neno kwa neno. Mwaka 2006 kikundi chake kilifuatilia mwendo wa macho ya watu 232 mbele ya kompyuta: mara nyingi macho yalichora umbo la herufi F. Mistari ya juu ilisomwa kwa upana, iliyofuata kwa ufupi, halafu macho yakateremka upande wa kushoto. Skrini ya simu ni nyembamba kuliko ya kompyuta, ila funzo bado linafaa: maneno ya kwanza ya kichwa na ya kila aya ndiyo yanayoonekana na kila mtu. "Taarifa muhimu kwa wakulima wetu wapendwa" hutumia nafasi hiyo bure. "Bonasi ya chai Rukuriri" humsimamisha mwenye chai yake Rukuriri hata kama alikuwa anapita mbio.

Jina la mahali lina nguvu kuliko tunavyodhani. Chukua makala ya upandaji wa mahindi. Mwandishi aliye Nairobi ataanza na mvua za Machi. Msomaji wa Manyatta, kwenye miteremko ya Mlima Kenya, ataendelea. Wa Siakago au Kiritiri atafunga, kwa sababu kule Mbeere, kama kwa jirani zao wa Tharaka, mvua wanayoitegemea zaidi ni ile ya Oktoba hadi Desemba. Ndani ya kaunti moja ya Embu unateremka kutoka kwenye chai hadi kwenye kahawa, kisha hadi nchi ya ndengu, mtama na muguka. Ushauri wa aya moja hauwezi kuwatosha wote hao. Mimi ningeanza kwa kuuliza shamba lako liko upande gani, kisha kila upande ningeupa kichwa chake kidogo, ili wa Kiritiri aruke moja kwa moja mpaka panapomhusu.

Halafu vipimo. Kituo cha KALRO, shirika la utafiti wa kilimo na mifugo, kipo Embu penyewe, na utafiti haukosekani, lakini ripoti ya mtafiti huzungumza kwa kilo za mbolea kwa hekta. Anayepanda kwa jembe huuliza: katika shimo moja nitie kiasi gani? Ukimwambia kizibo kimoja cha soda, kisha ukamweleza kwa nini mbolea ifunikwe kwa udongo kidogo kabla ya mbegu kuingia ili isiiunguze, atakusoma mpaka mwisho na kumtumia jirani.

Tukumbuke pia kwamba anayesoma analipia. Bando linakatwa kwa picha nzito ya kiongozi anayekata utepe sawasawa na linavyokatwa kwa habari aliyoitaka. Anayesikiliza Wimwaro FM au Muuga FM huku akipika anaweza kuvumilia salamu ndefu. Mwenye simu ana kidole gumba.

Nawaonea uchungu wanaochagua njia ya mkato, ile ya "Hutaamini kilichowapata wakulima wa avokado Imenti". Kichwa hicho kitafunguliwa sana siku ya kwanza. Aliyekifungua akakuta kumbe ni bei tu iliyoteremka atahisi amechezewa, na siku utakapokuwa na habari ya kweli ya ugonjwa wa miti yake hatakuamini. Udadisi ni kitu halali. Uamshe, lakini uwe na cha kuushibisha.

Jambo la mwisho ni tarehe, ambalo wahariri wengi hulisahau. Siku chache baada ya marufuku ile, Mahakama Kuu ya Embu iliisimamisha kwa muda. Kuanzia hapo, sentensi ya kwamba lori linaweza kuzuiwa kwa amri ya gavana ilihitaji kuondoka pale juu. Kuongeza mstari chini ya ukurasa hakutoshi, maana tumeshaona macho yanavyosoma. Andika upya mwanzo: "Mahakama imesimamisha kwa muda marufuku ya muguka." Juu yake weka siku na saa ulipobadilisha, na chini yake eleza amri hiyo inahusu kaunti zipi na kesi itatajwa tena lini.