Breki Mbili za Trekta

Trekta lina pedali mbili za breki, moja ya gurudumu la kushoto, nyingine ya kulia. Shambani twakanyaga moja tu ili kukata kona. Lakini tukitoka Imbo na trela la mpunga kuelekea Bujumbura, lazima tuzifunge pamoja kwa kipingo chake. Ukikanyaga moja peke yake kwa mwendo wa barabarani, trekta hugeuka ghafla, huenda likapinduka.

Halafu kiti. Tukisogeze hata pedali zifike chini na goti bado limekunjika kidogo. Anayekalia ukingoni hana nguvu ya kukanyaga, na usiku kiuno humtesa. Tusifunge ubao juu ya pedali, maana hung'oka. Kiti kikishika kutu, tumdai bwana mkubwa fundi kabla ya kuwasha injini.