Umebadilisha plagi, pikipiki imezidi kusumbua: anza kuangalia hapa

Swali hili hutufikia mara nyingi, iwe ni kutoka Majimoto, Inyonga au Mishamo, na huulizwa karibu kwa maneno yaleyale: pikipiki ilikuwa inawaka kwa shida, nikanunua plagi mpya, nikafunga, sasa haiwaki kabisa, au inawaka lakini inakatakata na kukosa nguvu mlimani. Kinachofuata ni gharama. Leo fundi anafungua kabureta, kesho anataka koili, keshokutwa anataja ringi za pistoni, na hesabu ya bosi inaendelea kudaiwa.

Kama ubovu umeanza baada ya kubadilisha plagi, anzia pale ulipogusa mwisho. Plagi ya zamani usiitupe. Irudishe ujaribu. Pikipiki ikirudi ilivyokuwa mwanzo, mbovu ni ile mpya, na kabureta haina kosa.

Ikigoma hata kwa plagi ya zamani, angalia kofia ya plagi. Wakati wa kuivuta, waya wake hulegea kwa ndani, au hurudishwa bila kubana sawasawa. Kuna kitu kingine kidogo kinachowasumbua wengi: plagi mpya nyingi huja na kichwa cha chuma kilichofungwa kwenye ncha ya juu, na kofia nyingi za pikipiki hazikihitaji. Kama plagi yako ya zamani haina, kifungue kwenye mpya pia.

Kupima moto, chomeka plagi kwenye kofia yake, kisha igusishe chuma chake kwenye chuma cha injini, mbali na tundu la plagi, kwa sababu mvuke wa petroli unaotoka pale unaweza kushika moto. Usiishike kwa mkono mtupu. Umeme wake utakurusha. Piga kiki. Cheche ya buluu inayolia ni nzuri. Cheche hafifu ya wekundu, au kutokuwepo kabisa, inakupeleka kwenye kofia, waya na koili.

Tazama pia mwanya wa ncha. Kwa pikipiki nyingi za huku ni milimita 0.6 hadi 0.7. Plagi iliyoanguka sakafuni dukani inaweza kuwa imejibana, na mwanya uliojifunga hautoi moto.

Kisha linganisha namba. Plagi iitwayo D8EA ina uzi wa kipenyo cha milimita 12 na urefu wa milimita 19. C7HSA ni ndogo: kipenyo milimita 10, urefu karibu 13. Lakini CR8E ina kipenyo kilekile cha milimita 10, na urefu wake ni 19. Yaani itaingia kwenye tundu la C7HSA bila ubishi, kisha pistoni inaweza kuigonga. Ukisikia kishindo cha chuma unapopiga kiki, acha papo hapo. Muuza duka akikwambia "zote ni sawa", ziweke mbili kando kwa kando mbele yake. (Herufi R kwenye namba, kama ya DR8EA, inaonyesha plagi yenye kizuizi cha kupunguza mikwaruzo kwenye redio. Sisi tunaipenda.)

Tatizo zito kuliko yote ni uzi. Hedi ni ya aluminiamu, laini. Plagi ni chuma kigumu. Ikiingizwa upande na kulazimishwa kwa spana, plagi haiumii, hedi ndiyo inayoliwa. Dalili yake ni mlio wa hewa, "chwi, chwi", kufuatana na injini, na nguvu kupungua. Injini ikiwa imepoa, paka povu la sabuni kuzunguka plagi na upige kiki taratibu. Mapovu yakitoka, pumzi inavuja. Usiendeshe hivyo, plagi inaweza kuchomoka. Uzi uliokufa huchongwa upya na kuwekewa bushi na fundi mwenye vifaa; kuzungushia nyuzi au gundi hakudumu.

Kwa hiyo funga injini ikiwa baridi. Kwanza puliza vumbi kuzunguka plagi, maana mchanga ukidondoka ndani utakwangua silinda. Zungusha kwa vidole mpaka igote. Ikikataa kwa vidole, itoe uanze upya. Ikishagota, plagi mpya yenye washa huongezwa kwa spana theluthi hadi nusu ya mzunguko tu. Iliyokwisha kutumika huhitaji kidogo zaidi ya kugota, kwa kuwa washa wake umeshalala.

Ukimaliza, ijaribu kwa kupanda na abiria hapohapo mtaani, si safarini. Anayekwenda Kibaoni kutoka Mpanda amalize majaribio kabla ya kupita Sitalike, kwa sababu baada ya hapo barabara inaingia Hifadhi ya Taifa ya Katavi, na huko hakuna anayetamani kushuka kufungua plagi. Ile ya zamani, pamoja na spana yake, iwe chini ya kiti.