Jouguet wawili

Ukikuta jina la Jouguet katika orodha ya marejeo, angalia kwanza kitabu kinahusu nini. Wafaransa wawili wa rika moja walikuwa na jina hilo: Émile, mhandisi aliyechunguza milipuko, na Pierre, msomaji wa maandishi ya Kiyunani yaliyofukuliwa Misri.

Tuanze na Émile. Jaza bomba refu mchanganyiko wa haidrojeni na oksijeni, kisha uwashe upande mmoja. Mwali huanza kutambaa, na hali ikiruhusu hugeuka wimbi la mshtuko linalokimbia takriban mita 2,800 kwa sekunde. Wimbi huibana gesi iliyo mbele yake hadi inawaka yenyewe, na nguvu ya kuungua huko hulisukuma wimbi. Lakini kwa nini kasi hiyo haibadiliki, vyovyote utakavyowasha? Mwingereza David Chapman alilijibu swali hilo mwaka 1899, na Émile akalijibu kwa njia yake mwaka 1905 na 1906. Gesi iliyokwisha kuungua hutanuka, na kutanuka huko hutuma mbele mawimbi ya kulegeza, yanayosafiri kwa kasi ya sauti ndani ya gesi hiyo ya moto. Yangelifikia wimbi kuu, yangelidhoofisha. Mlipuko unaojiendesha wenyewe ni ule ambao gesi iliyoungua inabaki nyuma kwa kasi hiyohiyo ya sauti: mawimbi ya kulegeza yanafukuza, hayafikii. Uzuri wa jibu hilo, kwa maoni yangu, ni kwamba huhitaji kujua kemikali zinaungana vipi hatua kwa hatua. Joto linalotolewa na tabia za gesi vinatosha kukokotoa kasi. Wahandisi bado wanaitumia kanuni hiyo ya Chapman na Jouguet.

Mwaka huohuo wa 1906, Pierre alichapisha vipande vya tamthilia za kuchekesha za Kiyunani kutoka Ghoran, katika Fayum. Vilikuwa vimefichwa ndani ya vifuniko vya maiti: mafundi wa enzi za wafalme akina Ptolemaio waligandisha mafunjo yaliyotupwa, tabaka juu ya tabaka, wakapaka plasta na rangi. Ili uyasome, sharti ukibomoe kifuniko, bei ambayo wahifadhi wa leo wangesita kuilipa. Baadaye, kuanzia 1928 hadi 1940, Pierre aliongoza taasisi ya Kifaransa ya akiolojia jijini Cairo.

Sehemu nyingine za mojawapo ya tamthilia hizo zilitambuliwa Paris, katika hazina ya mafunjo ya Sorbonne, miaka ya 1960. Hapo ndipo ilipothibitika kuwa ni Sikyonios, iliyotungwa na Menander. Pierre alikuwa amefariki mwaka 1949.