Je, Wajua? Nguvu Farasi 585, Matairi Mawili ya Nyuma

Je, wajua kwamba tairi hushika lami kwa nguvu zaidi likiwa linateleza kidogo? Gari likiwa kwenye kilomita 100 kwa saa huku magurudumu yanayolisukuma yakizunguka kwa kasi ya kilomita 110, mtelezo ni asilimia 10. Matairi mengi hutoa msukumo wake wa juu kabisa karibu na hapo. Ukizidisha, mshiko unaporomoka, mpira unaungua na mkia wa gari unatafuta njia yake. Kazi ya kidhibiti mtelezo ni kuushikilia mtelezo pale penye faida. Anayekipanga ili gurudumu lisiteleze hata chembe amejinyima kasi aliyoilipia.

Je, wajua kompyuta hupimaje mtelezo huo? Kwenye gari linalosukumwa na magurudumu ya nyuma, sensa za mbele husema gari linakwenda kasi gani, za nyuma husema injini inayazungusha magurudumu kwa kasi gani, na tofauti ndiyo jibu. Wengi hukwama hapa. Tuseme umefunga nyuma matairi yenye mzingo mkubwa kwa asilimia 2 kuliko ya awali, na kompyuta haijaambiwa. Tairi kubwa huzunguka mara chache zaidi kwa umbali uleule, kwa hiyo mtelezo wa kweli ukifika asilimia 10, kompyuta inasoma takriban 8. Kama lengo lako lilikuwa 8, umepotea kwa robo nzima ya lengo, na utamlaumu fundi wa programu bure. Dawa ni rahisi: peleka gari kwenye mstari ulionyooka, kanyaga klachi liserereke lenyewe, linganisha sensa zote nne, kisha sahihisha mizingo mpaka zisome sawa. Fanya hivyo matairi yakiwa na joto na presha ya mbio.

Je, wajua kwamba njia ya haraka ya kuipunguza nguvu mtelezo ukizidi ni kuinyima silinda cheche? Injini ya silinda 8 inayozunguka mara 6,000 kwa dakika huwasha mafuta mara 400 kwa sekunde, hivyo kuruka silinda moja huonekana papo hapo. Kufunga kilango cha hewa huchelewa, kwa sababu hewa iliyokwisha kuingia kwenye mabomba lazima itumike kwanza, na turbo bado inasukuma. Lakini cheche ina gharama: mafuta yasiyoungua silindani huungulia kwenye ekzosi, na joto hilo huitesa turbo na kuua katalisti. Programu nzuri huzipa silinda zamu, isiionee moja.

Je, wajua kwamba kidhibiti mtelezo kimewahi kupigwa marufuku? Dereva Nigel Mansell alitwaa ubingwa wa Formula 1 mwaka 1992 kwa Williams FW14B, gari lililokuwa na kidhibiti mtelezo. Kikapigwa marufuku kuanzia 1994, kikaruhusiwa tena kwenye mbio za Uhispania za 2001, kikafutwa tena 2008, safari hii timu zote zikilazimishwa kutumia kompyuta ya injini ya aina moja. Hilo ndilo lililoifanya marufuku iwe na meno.

Je, wajua kwamba lengo moja halitoshi kwa uwanja mzima? Tairi linalobeba gari kwenye kona limekwisha kutumia sehemu kubwa ya mshiko wake kwa upande, na kinachobaki cha kusukuma mbele ni kidogo. Lengo liwe la chini ndani ya kona, lipande kadiri usukani unavyonyooka. Kompyuta pia ijue kwamba gurudumu la nje husafiri mbali kuliko la ndani, isije ikadhani kila kona ni mtelezo.

Difu, inayoyaruhusu magurudumu hayo mawili kuzunguka kwa kasi tofauti, ikichoka hairekebishwi na programu. Tengeneza chuma kwanza.

Je, wajua kwamba Mercedes-AMG GT R, yenye nguvu farasi 585, ina kitufe cha manjano cha kuzungusha chenye hatua 9 za mtelezo? Ya 1 ni ya lami iliyolowa, ya 9 humwachia dereva karibu kila kitu. Magari ya mbio ya GT3 yana vitufe vya namna hiyo, na madereva huvizungusha wakiwa mbioni, matairi yanavyochakaa.

Na kwa anayepanga gari lake: anza na hatua kali, badilisha kitu kimoja kwa wakati, na rekodi mtelezo pamoja na nguvu iliyokatwa. Grafu ya mtelezo ikiwa na meno kama msumeno, kidhibiti kinakata nguvu nyingi mno kisha kinairudisha yote. Usiguse lengo, punguza ukali wa kukata, na uirudishe nguvu polepole, kabla hujarudi kwenye kona ya kasi.