Wazee wa Mueda Wakiisha, Nani Atasimulia?

Wadau, leo naomba tuzungumzie jambo ambalo huku kwetu Msimbati linatupita kimyakimya: wazee wanaondoka na habari zao. Nitaanzia mbali kidogo, Japani, halafu nitarudi hapa hapa mtoni Ruvuma. Nivumilieni.

Kwa waliosahau, Agosti 6, 1945 Marekani iliangusha bomu la atomiki Hiroshima, na siku tatu baadaye likaanguka lingine Nagasaki. Na tusijidanganye kwamba hayo ni ya watu wa mbali tu. Sehemu kubwa ya urani ya bomu la Hiroshima ilitoka mgodi wa Shinkolobwe, Katanga, kwa ndugu zetu wa Kongo wanaoongea Kiswahili kama sisi.

Walionusurika, Wajapani huwaita hibakusha. Mwaka 1956 waliunda chama chao, Nihon Hidankyo, ambacho mwaka 2024 kilipata Tuzo ya Nobel ya Amani. Lakini umri haungoji tuzo. Ilipofika Machi 2025 waliobaki walikuwa chini ya 100,000, na wastani wa umri wao umepita miaka 86.

Sasa wenzetu wamefanyaje? Tangu mwaka 2012 jiji la Hiroshima linafundisha warithi wa simulizi. Mtu ambaye hakuwepo siku ile anakaa na mzee aliyenusurika, anamsikiliza, anauliza, anaandika atakachosema, na maandishi yanapitiwa kabla hajasimama mbele ya watu. Yaani habari haiachwi ielee tu, ina mtu aliyekabidhiwa.

Tuje kwetu. Ng'ambo ya Ruvuma, juu kwenye uwanda wa Wamakonde, kuna mji unaitwa Mueda. Juni 16, 1960 watu walikusanyika mbele ya ofisi ya utawala wa Kireno. Faustino Vanombe na Kibiriti Diwane, waliotokea huku Tanganyika, walikwenda kudai haki na uhuru wa watu wao. Gavana wa Cabo Delgado alikuwepo. Viongozi wale wakakamatwa, watu wakapinga, risasi zikapigwa. Miaka miwili baadaye FRELIMO ikazaliwa Dar es Salaam, na Septemba 1964 vita vikaanza. Msumbiji ikapata uhuru Juni 25, 1975.

Wenyewe Mueda hawakungoja vitabu. Baada ya uhuru walikuwa wakiigiza mkasa ule pale pale ulipotokea, mbele ya jengo lile lile, na miongoni mwao wakiwemo waliouona kwa macho. Mwaka 1979 Ruy Guerra akaupiga filamu mchezo huo. Na Juni 16, 1980 Msumbiji ilipotoa pesa yake mpya, metikali, ilichagua makusudi tarehe ya Mueda.

Sasa hapa kuna mtego, na ndio ulionifanya niandike. Historia rasmi inasema waliuawa zaidi ya 500, wengi hutaja 600. Baadhi ya wanahistoria waliochunguza wanasema idadi ilikuwa ndogo sana kuliko hiyo. Kijana akisikia ubishi huo anasema, "Aa, kumbe uongo." Hapana jamani. Watu walipigwa risasi kwa kudai haki, hilo halina ubishi. Kinachobishaniwa ni idadi. Ila simulizi ikipita mikononi mwa wanasiasa peke yao, bila ya aliyekuwepo kuulizwa vizuri na maneno yake kuandikwa, ndipo mwanya wa kubisha kila kitu unapopatikana.

Mimi nimekulia kwenye habari hizi. Bibi yangu mzaa mama alivuka mto wakati wa vita na mtoto mgongoni. Alikuwa akisimulia jioni tukimenya mihogo, kwa Kimakonde, na sisi tunacheka tu na kukimbia. Alipofariki, hakuna mjukuu aliyejua hata alivukia wapi. Najua kijiji alikotoka, basi. Na familia za namna hii huku kwetu si moja wala mbili.

Mtasema, ya kale hayo, yatatusaidia nini? Muulize kijana wa leo wa hapa kuhusu Cabo Delgado. Atakwambia mashambulizi ya tangu Oktoba 2017, atakwambia Palma Machi 2021, na Kitaya, huku huku Mtwara, walivyovamiwa Oktoba 2020. Ni kweli na inauma. Lakini kama hajui kwamba wanaokimbia huko ni wajukuu wa wale wale waliokimbilia kwetu miaka ya sitini, atawaona wageni wenye balaa. Anayejua atauliza kwanza, "Wewe ni wa ukoo gani?" Hapo ndipo kumbukumbu inapofanya kazi.

Mambo makubwa yameandikwa. Mradi uliopewa jina la Brigedia Jenerali Hashim Mbita ulikusanya habari za ukombozi wa Kusini mwa Afrika, na pale Naliendele tunayo makaburi ya mashujaa wetu waliofia Msumbiji. Lakini ya bibi na babu hayamo humo.

Ninachopendekeza hakihitaji mfadhili. Kila mzee aliyevuka mto apewe kijana mmoja wa kwao. Arekodi kwa simu, kwa lugha ya mzee mwenyewe, si Kiswahili cha kulazimisha. Aulize majina ya mahali, nani alikuwepo, mzee aliona nini na alisikia nini kwa wengine, maana hayo ni mawili tofauti. Kisha amsomee mzee alichoandika, asahihishwe. Na akisimulia shuleni aseme, "Bibi aliniambia," asijifanye alikuwepo.

Na msingoje Juni 16. Aliyevuka mto akiwa na miaka 20 mwaka 1964, leo amepita 80. Nyie mlio na wazee Kilambo, Kitaya, Newala na kwingine, wamewaambia nini? Leteni hapa, na jina la kijiji msilisahau.